Tulivyoshindana kuvua wolai Ziwa Erie siku upepo ulipogeuka: naomba maoni ya watu wa maji

Mtoto wa Nansio (mleta uzi)

Wakuu, nawasalimu wote.

Nyuzi za uvuvi humu ndani nyingi ni za sangara, sato na dagaa wa kwetu. Leo nalileta la mbali. Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, nimekulia mwaloni, na sasa naishi Ohio, Marekani, si mbali na Ziwa Erie. Aprili iliyopita nilishiriki shindano la siku mbili la kuvua samaki wa huku ambaye jina lake huandikwa walleye. Sisi tunaozungumza Kiswahili huku tunamtamka wolai, na nitamwandika hivyo.

Siku ya pili ziwa lilichafuka. Tulikuwa na samaki wanne kwenye tangi, mizani inahesabu watano, muda ulikuwa bado upo, nasi tukakunja mishipi tukaondoka. Tangu siku ile nalifikiria jambo hilo kila ninapopita karibu na maji. Nitaeleza yote, halafu wenye uzoefu mniambie kama mngefanya vingine.

Kwanza mumjue samaki mwenyewe, maana bila kumjua hamtaelewa kwa nini tulikuwa kule. Wolai ana rangi ya dhahabu iliyochanganyika na kijani cha zeituni, meno makali, na ncha nyeupe chini ya mkia. Nyuma ya jicho lake kuna tabaka linalorudisha mwanga, kama jicho la paka ukilimulika usiku. Kwa hiyo anaona vizuri gizani na kwenye maji yaliyovurugika, wakati vidagaa anavyovila vinapapasa tu. Jua likiwa kali na maji yakiwa shwari, anashuka chini na kutulia. Upepo ukivuruga uso wa maji, mwanga unapungua chini, naye anaanza kula. Wavuvi wa huku wanalo hata jina la wimbi zuri kwa wolai, lile la futi moja hadi mbili. Yaani mtu anayemvua anauombea upepo uje, ila usizidi.

Sasa ziwa. Erie lina kilomita za mraba 25,700 hivi, wakati Viktoria letu lina karibu 68,800. Msidhani kwa hiyo ni bwawa. Kina chake cha wastani ni mita 19, na upande wa magharibi tulikokuwa sisi wastani ni mita 7 na kitu. Maji mafupi namna hiyo, upepo ukiyapata, hayatoi mawimbi marefu ya kukubeba na kukushusha taratibu. Yanatoa mawimbi mafupi yaliyosimama, moja likiwa mgongoni mwa jingine. Omo, yaani pua ya boti, haijainuka vizuri kutoka kwenye la kwanza, la pili limeshafika. Nimevuka Viktoria kwenye mitumbwi tangu nikiwa mdogo, na sikuwahi kuona maji yanayopiga haraka vile.

Naandika sehemu ya pili sasa hivi.

Kambi ya Uvuvi

Naweka kambi hapa mkuu. Ila kabla hujaendelea tupe kanuni: mnashindania nini hasa, idadi au uzito?

Mtoto wa Nansio

Uzito, mkuu. Timu ya watu wawili, boti moja. Kila siku unaleta samaki watano kwenye mizani, uzito wa siku zote mbili unajumlishwa. Kwenye tangi la boti wanatunzwa wakiwa hai, maji yanazungushwa kwa pampu. Kwetu tuliondoka saa moja asubuhi kwa kufuata namba za boti, na mwisho wa kurudi ulikuwa saa tisa alasiri. Ukichelewa, kila dakika inakukata ratili moja, na dakika kumi na tano zikipita samaki wako wa siku hiyo hawapimwi kabisa.

Jaketi la kujiokolea ni lazima mwilini kila injini kubwa inapokuwa inafanya kazi. Pia kuna kamba fupi inayomfunga mwendeshaji na swichi ya injini, ili akirushwa majini injini izime palepale. Hiyo si kanuni ya mashindano peke yake: tangu Aprili 2021 ni sheria ya Marekani kwa boti nyingi ndogo zikiwa kwenye mwendo.

Boti ni ya mwenzangu, mzee wa huku niliyefahamiana naye kazini. Urefu wake ni futi 20, injini kubwa nguvu za farasi 250, na ipo injini ndogo ya pembeni ya kukokotea mishipi polepole. Yeye ndiye nahodha, na humu nitamwita nahodha.

Bint Shangani

Kaka samahani, kuna habari ilizunguka sana mwaka ule ya watu waliojaza vipande vya risasi, ile metali nzito, kwenye matumbo ya samaki. Ndiyo mashindano haya haya?

Mtoto wa Nansio

Dada, ni ziwa hilo hilo na samaki huyo huyo, shindano jingine. Ilikuwa Cleveland, mwisho wa Septemba 2022. Samaki walipopasuliwa mbele za watu zikakutwa risasi za kuzamishia mishipi, na vipande vya minofu ya samaki wengine vimesokomezwa ndani. Washiriki wawili walikiri makosa mahakamani mwaka 2023, wakafungwa siku kumi na kunyang'anywa boti. Lilituumiza sote tunaopenda uvuvi huu, kwa sababu mizani ndiyo heshima ya mvuvi. Kwetu samaki walipitishiwa kigunduzi cha chuma kabla ya kupimwa, na mashindano mengi ya huku huwapeleka washindi kwenye kipima uongo. Mimi naona ni sawa kabisa, asiye na kitu tumboni mwa samaki wake haogopi.

Turudi ziwani.

Siku ya kwanza ilikuwa njema. Upepo wa kusini-magharibi, mwanana. Kwa sababu bandari yetu ya Port Clinton iko pwani ya kusini, upepo wa namna ile unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na maji ya karibu yanabaki laini. Tulikwenda kaskazini-mashariki mwa kisiwa cha Kelleys Island, kama maili ishirini kwa majini. Tulikokota chambo bandia vya umbo la samaki kwa mwendo wa maili 1.3 kwa saa. Maji ya Aprili ni baridi, na samaki hafukuzi kitu kinachokimbia. Mishipi inapelekwa mbali na boti kwa vibao vidogo vinavyoelea, vinavyovutwa kwenda pembeni, ili chambo visipite pale boti ilipopita. Kibao kikirudi nyuma ghafla ujue ameshika. Tulipeleka watano wenye jumla ya kilo 14 na nusu. Usiku ule tulikuwa nafasi ya kumi na nne.

Siku ya pili utabiri ulibadilika. Idara ya hali ya hewa ilitoa tahadhari kwa vyombo vidogo kuanzia saa sita mchana. Kwenye maziwa haya makuu tahadhari hiyo ina maana upepo wa noti 22 hadi 33 (noti ni maili ya bahari kwa saa), au mawimbi yanayozidi futi nne. Msimamizi wa shindano alitukusanya alfajiri, akasema shindano linaendelea, kila nahodha aamue mwenyewe umbali wa kwenda.

Nahodha akanitazama. Nikamwambia samaki wetu wako kule kule. Tukaenda.

Kulipokucha vizuri maji yalikuwa kama jana, mkiyaangalia mkiwa bandarini. Hapa ndipo upepo wa kusini-magharibi unapodanganya: pwani ni shwari kwa sababu nchi kavu inakukinga, na kadiri unavyokwenda nje ndivyo unavyoyakuta mawimbi yamekua. Tulikuta futi mbili, mbili na nusu. Kwa wolai hiyo ni sherehe. Hadi saa nne na nusu tulikuwa na wanne tangini, mmoja wao jike la kilo nne na zaidi, nimelibeba kwa mikono miwili.

Saa tano na robo upepo ukakata. Kimya. Vibao vikalala juu ya maji, nikasikia pampu ya tangi. Kaskazini-magharibi mstari wa wingu jeusi ulikuwa umekaa chini kabisa, umenyooka kama umepigwa rula.

Nahodha akasema, "Huyo mmoja tu."

Nami nikasema, huyo mmoja tu.

Mkwezi wa Wete

Hapo hapo simama. Saa tano na robo ndiyo saa yenu ya kuondoka. Endelea, nitarudi.

Mtoto wa Nansio

Nakuja huko, mzee wangu.

Dakika kumi na tano baadaye baridi ikatupiga usoni kabla ya upepo wenyewe. Kisha upepo ukaja kutoka kaskazini-magharibi, wote kwa pamoja. Mawimbi ya zamani ya kusini-magharibi hayakuwa yamelala, na mapya yakaja kuyakata kwa upande, kwa hiyo kwa muda maji hayakuwa na mwelekeo. Yalichemka. Vibao vilianza kupinduka. Boti ilipoteremka kwenye wimbi ilikimbia, ilipopanda ilisimama, na chambo huko chini vikawa vinaruka na kuzama. Tulitupa nyuma mfuko wa turubai ulio kama parachuti ndogo, unaojaa maji na kuizuia boti. Ulisaidia kidogo. Mpaka saa sita tulikuwa kwenye futi nne hadi tano, na mishipi miwili imesokotana.

Jirani yetu wa karibu, timu tuliyokuwa nayo bega kwa bega tangu asubuhi, aliendelea kuvua. Tulimwona akiinua wavu wa mkono, samaki mkubwa ndani.

Saa sita na dakika kumi nikamwambia nahodha, "Tuondoke." Hakubisha. Alikata hata mishipi iliyosokotana badala ya kuifungua.

Maili ishirini zile asubuhi zilituchukua kama dakika arobaini. Kurudi kulichukua saa mbili na dakika ishirini na tano. Nahodha aliendesha amesimama, mkono mmoja haukuacha gia ya mafuta hata mara moja: anaongeza kupanda wimbi, anapunguza kabla ya kilele ili tusiruke, anaongeza tena. Hakulikabili wimbi usoni moja kwa moja, alilichukua kwa pembe. Mimi nilikaa nyuma katikati, kwa amri yake, uzito wangu usiizamishe omo. Kwenye tangi kulikuwa na maji zaidi ya lita mia, yakihama huku na huku na kuivuta boti nayo. Aliniuliza kama tuyamwage. Kuyamwaga ni kuua samaki. Nikasema tuyamwage. Akasema tungoje tufike nyuma ya kisiwa.

Tulipoingia kusini mwa Kelleys Island, kisiwa kikatukinga. Maji yakalala ghafla, nikasikia masikio yangu yanavuma. Tulikaa pale dakika kumi, pampu ya kutoa maji ikifanya kazi, nahodha akinyoosha vidole. Nilikumbuka baba yangu alivyokuwa akisema neno moja tu tukifika nyuma ya kisiwa: demani, yaani upande uliokingwa na upepo. Nami nikalitamka.

Kisha tukavuka mlango kati ya kisiwa na rasi ya Marblehead, ambako upepo unapita kama kwenye korido, tukaizunguka ncha ya Catawba, na kutoka pale hadi Port Clinton mawimbi ya upande wote wa magharibi yalikuwa yanakuja kuvunjikia pwani tuliyokuwa tunaifuata. Mlangoni mwa mto, kati ya gati mbili za mawe, yalikuwa meupe. Tuliingia saa nane na dakika thelathini na tano.

Samaki wanne, wote hai. Kilo 11 na robo. Tukamaliza nafasi ya ishirini na tatu kati ya timu sabini na moja. Nafasi kumi za juu ndizo zilizolipwa, na wolai mmoja wa kilo tatu angetufikisha. Jirani yetu aliingia saa nane na dakika hamsini na tatu, na watano wake, akalipwa.

Nimemaliza. Je, tuliwahi sana?

Sangara Mkavu

Mkuu pole, na hongera kwa kufika. Mimi ni wa Mwanza, miaka kumi na moja nyavu za sangara. Nitasema ukweli kama ninavyouona: jirani yako alifanya hesabu akapatia, nanyi mngeweza kukaa nusu saa zaidi. Mlibaki na dakika ishirini na tano mkononi. Kwenye mashindano dakika hizo ni samaki.

Nesi wa Kitengo

Sangara Mkavu, dakika ishirini na tano zile si akiba, zilikuwa za ajali moja ndogo. Injini kuzima mara moja, zimekwisha. Na msisahau hayo ni maji ya Aprili ya huko. Mafunzo ya maji baridi yana hesabu rahisi ya moja, kumi, moja. Dakika moja ya kwanza ukitumbukia unahema bila kujizuia, kazi yako ni kuushika uso juu ya maji. Dakika kumi zinazofuata mikono bado inakutii. Baada ya hapo hata kamba uliyorushiwa huwezi kuishika, ingawa unaweza kukaa kama saa moja kabla ya kupoteza fahamu, na hiyo ni kwa aliyevaa jaketi. Viktoria mtu huanguka majini akaogelea akichoka. Huko mikono inakufa kwanza.

Sangara Mkavu

Nimekuelewa dada. Hilo la mikono sikulijua. Naondoa neno la nusu saa.

Kwetu shida ni ya namna nyingine. Usiku upepo unatoka nchi kavu pande zote kwenda ziwani, unakutana katikati, na hapo ndipo radi zinapozaliwa. Ukiwa umelala na nyavu, dhoruba inakukuta alfajiri ukiwa na usingizi. Hakuna wingu la mstari la kukuonya mchana kweupe kama lenu.

Mwana wa Uvira

Mimi niko Kentucky sasa, nimetoka Uvira. Ziwa Tanganyika, kuanzia mwezi wa tano upepo wa kusini unaanza, unapiga wiki nzima, na wazee walikuwa wanauhesabu. Hakuna aliyeshindana nao. Lakini ndugu, niseme kitu kimoja: wale wazee walikuwa wanarudi bila kitu na hakuna aliyewauliza kwa nini. Ninyi kulikuwa na mizani na watu wanatazama. Hiyo ndiyo inafanya mtu abaki. Mimi nimewahi kushiriki shindano dogo la huku, nikaona moyo wangu unakuwa mwingine kabisa nikiwa na namba kwenye boti.

Mkwezi wa Wete

Nimerudi. Nimesoma yote.

Mwanangu, unauliza kama mliwahi. Mlichelewa. Na nakwambia hivyo kwa mapenzi.

Upepo uliokuwa unavuma tangu asubuhi ukikata ghafla na wingu limekaa upande mwingine, hiyo ndiyo hodi. Sisi Pemba tumefundishwa hivyo na wazee kabla hatujafundishwa kufunga ndoana: upepo ukinyamaza, kunja. Nyinyi mlikuwa na dakika kumi na tano za maji mepesi, na mngeyatumia mngekuwa mmeshafika nyuma ya kile kisiwa kabla upepo mpya haujapata nguvu. Badala yake mlizitumia kumtafuta wa tano, mkapata mishipi iliyosokotana. Tazama hesabu yako mwenyewe: kati ya saa tano na robo na saa sita na dakika kumi mlivua nini?

Na huyo jirani usimtumie kama kipimo. Alifika, alhamdulillahi. Lakini kufika kwake hakukuambii kitu juu ya uamuzi wako.

Mtoto wa Nansio

Hatukuvua kitu. Dakika hamsini na tano, hakuna hata mguso.

Mzee wangu, nimekaa na jibu lako tangu jana jioni kabla ya kuandika. Miezi yote hii nilikuwa naikokotoa ile saa sita na dakika kumi: je, kumi na tano zaidi, je, ishirini. Sikuwahi kurudi nyuma mpaka pale pampu iliposikika. Na niliusikia ule ukimya. Nilizaliwa kwenye ziwa, niliujua. Nahodha ni hodari wa kuendesha kuliko mtu yeyote niliyewahi kupanda naye, lakini alikuwa anatazama mishipi, na mimi niliyekuwa natazama wingu nikajibu kile alichotaka kusikia.

Kambi ya Uvuvi

Mnarudi tena mwaka huu?

Mtoto wa Nansio

Tunarudi, Mungu akipenda. Nilimpigia nahodha jana nikamtafsiria jibu la Mkwezi neno kwa neno. Alinyamaza kidogo, akaniomba nirudie ile ya upepo ukinyamaza. Tumekubaliana mambo mawili. Saa ya kuondoka tutaiandika kwenye utepe na kuubandika karibu na usukani tukiwa bado gatini, kabla hata samaki mmoja hajaingia. Na atakayesema "tuondoke" kwanza, mwingine habishi, hata kama ameshika mshipi wenye samaki.

Pia aliniuliza lile neno nililolisema nyuma ya kisiwa. Leo asubuhi amenitumia picha ya ramani yake ya karatasi, ile anayoiweka kwenye mfuko wa plastiki. Kusini mwa Kelleys Island ameandika kwa kalamu nyekundu: DEMANI.